Hodi, Mwenyewe Yupo? Wanafalsafa wa India na Swali la Tabia na Nafsi

Hebu tuanze na neno ambalo tunalitumia kila siku bila kulitafakari: mwenyewe. Ukifika nyumba ya watu, ukapiga hodi, akatoka mtoto, unamwuliza, "Mwenyewe yupo?" Hapo unamtaka mwenye nyumba. Lakini neno hilohilo ndilo unalotumia ukisema, "Nimefanya mimi mwenyewe." Ni kama vile lugha yetu inatuambia kimyakimya kwamba ndani ya kila mtu kuna mwenye mtu. Kuna mwili wangu, akili yangu, hasira zangu, uvivu wangu. Halafu nyuma ya vyote hivyo yupo anayevimiliki.

Sasa swali: kweli yupo? Na kama yupo, anafanana na hizo tabia zake, au ni kitu kingine kabisa?

Nina sababu yangu ya kuuliza. Nikiwa kidato cha pili, mwalimu mmoja alituchambua darasani kama mtu anayechambua mchele. Huyu mwepesi, huyu mkorofi, huyu ana moyo wa kusoma. Alipofika kwangu akasema, "Huyu mzito," akanionyesha dawati la nyuma. Nilikaa pale mwaka mzima, na kufikia Desemba nilikuwa mzito kweli. Miaka ikapita, nikafika chuo, rafiki akanitumia dodoso la mtandaoni, lile linalowagawa watu wote duniani katika aina 16 za haiba. Nililijaza mara mbili, wiki tatu zikiwa katikati, nikapata aina mbili tofauti. Nikajiuliza: kati ya hao wawili, mimi ni yupi? Na yule "mzito" alikwenda wapi?

Katika kutafuta jibu nikajikuta nasoma falsafa ya India. Nilitegemea kukuta mahubiri ya utulivu na watu waliofumba macho. Nilichokuta ni mabishano: makali, yenye mantiki ya kukatana, mara nyingine yenye vichekesho, na yaliyodumu zaidi ya miaka 1,500. Na matokeo yake yaligusa mahali ambapo mamilioni ya watu waliruhusiwa kukaa, kunywa maji na kufanya kazi. Twende taratibu.

Indra na chombo cha maji

Maandishi ya kale ya India yanayolishika swali hili kwa mikono miwili ni Upanishadi, mkusanyiko wa mafundisho na mazungumzo. Zile za mwanzo kabisa, wataalamu wengi huziweka kwenye karne ya 7 au ya 6 KK. Katika mojawapo, iitwayo Chandogya, kuna kisa ambacho nakipenda sana.

Indra, mfalme wa miungu, na Virochana, kiongozi wa asura ambao ni mahasimu wa miungu, walisikia kwamba Prajapati, bwana wa viumbe, anaijua atma. Atma ni neno la Kisanskriti ambalo kwa hapa tunaweza kulitafsiri kwa "mwenyewe" wetu wa ndani. Wakamwendea wakawe wanafunzi wake. Walikaa miaka 32 ndipo akawauliza wamefuata nini. (Wanafunzi wa uzamili mnaolalamika kwamba msimamizi wenu hajibu barua pepe, mmesikia?)

Prajapati akawaambia wavae vizuri, wajipambe, kisha wajitazame kwenye chombo cha maji. Wakajiona, wamependeza. Akawaambia: hiyo ndiyo atma. Wakaondoka wametulia roho. Virochana alifika kwa watu wake akawafundisha kwamba mwili ndio mtu, basi wautunze na kuupamba. Hadithi yake inaishia hapo.

Indra alianza kusita akiwa njiani. Kama mimi ni yule anayeonekana majini, aliwaza, basi mwili ukipambwa nami nimepambwa. Lakini mwili ukipofuka, nami ni kipofu. Mwili ukifa, nami nimekwisha. Akageuza. Miaka 32 mingine. Safari hii akaambiwa atma ni yule anayetembea ndotoni. Akaondoka, akasita tena: ni kweli kipofu huona ndotoni, lakini hata ndotoni mtu hukimbizwa na hulia. Akarudi, 32 mingine. Akaambiwa atma ni yule aliyelala fofofo, asiyeota kitu. Akaondoka, akasita mara ya tatu: huyo hata hajijui kama yupo, ana tofauti gani na aliyetoweka? Akarudi, miaka mitano ya mwisho. Jumla 101. Ndipo akafundishwa kwamba mwili ni makazi tu, na kwamba jicho ni la kuonea, ila anayeona si jicho.

Tuache kidogo lile jibu la mwisho, tuitazame mbinu. Kila jibu Indra alilipitisha kwenye mtihani mmoja: je, kitu hiki kikibadilika au kikiondoka, mimi nimeondoka nacho? Mtihani huo ndio karibu kila mwanafalsafa wa India aliyekuja baadaye aliutumia, awe anaiamini atma au anaikana.

Aina 16 kabla ya intaneti

Wakati wanafalsafa wakimtafuta mwenye nyumba, matabibu walikuwa na shida ya karibu zaidi: mgonjwa aliye mbele yao. Tabibu anahitaji kujua huyu ni mtu wa namna gani, ana hasira au mpole, atafuata masharti au atayapuuza. Katika Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vikuu viwili vya tiba ya kale ya India, kilichokua kidogo kidogo katika karne zinazoizunguka ile ya 1 BK, kuna orodha ya aina za hulka. Ukizihesabu zinafika 16. Ndiyo, 16.

Kila aina imepewa jina la kiumbe. Saba za kwanza ni za watu safi na waelewa, wenye majina kama ya miungu na wahenga. Sita za kati ni za watu wenye moto: kwa mfano mtu wa aina ya nyoka, ambaye ni jasiri akikasirika na mwoga asipokasirika. (Nyote mnamfahamu mmoja.) Tatu za mwisho ni za mnyama, samaki na mti. Mtu wa aina ya mti, kwa maelezo ya kitabu, ni mvivu ambaye kazi yake kubwa ni kula.

Kufanana kwa hesabu hii na lile dodoso la mtandaoni ni bahati tu. Dodoso lile lina mizizi katika kitabu cha Carl Jung kuhusu aina za haiba, cha mwaka 1921. Ila kuna uzi mwembamba: katika kitabu hichohicho Jung ana sehemu inayojadili mawazo ya Upanishadi.

Kilichozipanga zile 16 katika mafungu ya saba, sita na tatu ni fundisho la guna. Neno guna linabeba maana mbili, sifa na pia uzi, kama nyuzi zinazosokotwa kuwa kamba. Maelezo yake yaliyopangika vizuri yako katika Sankhya Karika, shairi fupi la Ishvarakrishna la kama karne ya 4 au ya 5 BK, ambalo ndilo msingi wa mkondo wa falsafa uitwao Sankhya. Nyuzi ni tatu. Satwa ni nyepesi na huangaza. Rajasi husukuma, haitulii. Tamasi hufunika, tena ni nzito.

Nzito! Niliposoma neno hilo nilicheka peke yangu maktabani. Mwalimu wangu alikuwa Sankhya bila kujua.

Lakini hapa ndipo penye jambo ambalo mwalimu wangu hakulijua. Kwa Sankhya, guna si makapu matatu ya kuwatupia watu. Zote tatu zimo katika kila kitu na kila mtu, wakati wote. Mfano wanaoutoa ni taa. Fikiria kibatari: utambi, mafuta na moto havifanani hata kidogo, na moto unaweza kuyaangamiza hayo mawili mengine, lakini vikikaa pamoja unapata mwanga. Bhagavad Gita, katika sura ya 14, inaongeza kwamba nyuzi hizi hushindana: kuna saa satwa iko juu, saa nyingine rajasi, saa nyingine tamasi. Asubuhi ukitoka kuoga uko mwangavu, mchana kwenye foleni unataka kugombana na konda, jioni umejitupa kitandani hutaki hata kupokea simu. Ni wewe yuleyule.

Gita inakwenda mbali hadi kwenye chakula. Sura ya 17 inasema watu wa rajasi hupenda vikali, vichachu na vyenye chumvi nyingi, na watu wa tamasi hupenda chakula kilicholala. Wapenzi wa kiporo, mna kesi ya kujibu.

Mchezaji na mtazamaji

Sasa tukirudi kwa mwenye nyumba, Sankhya ina jibu la kushangaza. Sisi tumezoea kugawa mtu katika mwili upande mmoja, na akili na roho upande mwingine. Wao mstari wanauchora mahali tofauti kabisa. Upande mmoja wanaweka prakriti, yaani maumbile, na ndani yake wanaingiza mwili, hisia, akili, kumbukumbu, na hata ile sauti ya ndani inayosema "mimi" na "changu". Vyote hivyo vimesokotwa kwa zile nyuzi tatu. Upande wa pili wanaweka purusha, ufahamu mtupu unaoshuhudia. Purusha hana hasira, hana upole, si mwepesi wala mzito. Anaona tu.

Wanafananisha na ngoma. Maumbile ni mchezaji jukwaani, purusha ni mtazamaji. Taabu ya mwanadamu ni mtazamaji kunogewa mpaka akasahau kwamba ameketi kwenye kiti, akadhani anayecheza ni yeye. Akitambua, mchezaji hustaafu, maana ameshaonekana.

Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Sankhya "mimi ni mtu wa hasira", atakusahihisha: hasira ipo, na kuna anayeiona. Anayeiona hana hasira. Haiba ni kitu ambacho mwenyewe anakitazama.

Nimesema "ufahamu" na "nafsi" kana kwamba ni maneno yaliyokuwa yakitusubiri, ila neno nafsi nalo limepita katika hadithi hii. Mwanzoni mwa karne ya 11 mwanazuoni Mwislamu Al-Biruni, mzaliwa wa Khwarazm mwaka 973, alijifunza Kisanskriti na kuandika kitabu kikubwa kuhusu India, kilichokamilika karibu mwaka 1030. Alifasiri kwa Kiarabu pia maandishi ya yoga ya Patanjali, ambayo ni ndugu wa karibu wa Sankhya. Alipofika kwa yule mtazamaji asiye na tabia, neno la Kiarabu alilolishika lilikuwa nafs. Ndilo neno ambalo Kiswahili nacho kilikuja kulichukua kutoka Kiarabu na kulifanya lake, hadi tukawa na nafsi ya kwanza na nafsi ya pili katika vitabu vya sarufi.

Mfalme Mgiriki na gari lake

Upande wa pili wa mjadala ulianza na Buddha, karibu karne ya 5 KK. Katika mahubiri yanayosemekana kuwa ya pili tangu aanze kufundisha, huko Sarnath karibu na Varanasi, alichukua mtihani uleule wa Indra akaufikisha mwisho tofauti. Mtu, alisema, ni mafungu matano: umbo la mwili, hisia za raha na karaha, utambuzi wa vitu, misukumo ya nia, na fahamu. Chunguza fungu moja moja. Lingekuwa ndilo wewe, ungeliamuru liwe utakavyo. Mwili unaambiwa usiugue, unaugua. Moyo unaambiwa usihuzunike, unahuzunika. Basi hakuna fungu hata moja ambalo ni mwenyewe. Na Wabudha waliomfuata wakaongeza: nje ya mafungu hayo hakuna kingine kilichobaki.

Kwa maneno yetu: umepiga hodi, umekagua vyumba vyote, hakuna mwenye nyumba. Kuna nyumba tu.

Mabishano maarufu zaidi juu ya hili yamehifadhiwa katika kitabu cha Milinda. Huyu Milinda ni Menander, mfalme wa asili ya Kigiriki aliyetawala kaskazini magharibi mwa Bara Hindi katika karne ya 2 KK. Anakutana na mtawa aitwaye Nagasena, anamwuliza jina. Mtawa anajibu kwamba wenzake humwita Nagasena, ila hilo ni jina tu, hapana mtu anayepatikana ndani yake. Mfalme anaona amemshika: kama hakuna mtu, nani anavaa hizo nguo? Nani anakula? Nani anatenda dhambi? Je, Nagasena ni nywele? Ni meno? Ni damu?

Nagasena anamwuliza: umekuja kwa miguu au kwa gari? Kwa gari, anajibu mfalme, gari la kukokotwa na farasi. Vizuri, nionyeshe gari. Je, ekseli ndiyo gari? Magurudumu? Nira? Hatamu? Hapana, hapana. Je, kuna gari pembeni ya vitu hivyo? Hapana. Basi mfalme mzima umedanganya, hakuna gari! Mfalme anajitetea kwamba "gari" ni jina linalotumika vitu hivyo vikipangwa pamoja. Na Nagasena, anamalizia mtawa, ndivyo hivyohivyo.

Mfalme hakukata tamaa. Mtoto mchanga na mtu mzima, ni mmoja au wawili? Nagasena anajibu kwa mfano ambao bibi zetu wangeuelewa papo hapo: maziwa hugeuka mtindi, mtindi ukatoa siagi, siagi ikawa samli. Huwezi kusema samli ni maziwa. Huwezi pia kusema imetoka kwingine. Kuna mwendelezo, na hakuna kitu kimoja kilichosafiri ndani yake bila kubadilika.

Mate yanapojaa mdomoni

Kama ungekuwa mtu wa mkondo wa Nyaya, wataalamu wa mantiki, usingekubali kirahisi. Sutra zao, zinazonasibishwa na Gautama (huyu si Buddha, ni mwingine) na zilizopangwa katika karne za mwanzo BK, zina hoja ambayo unaweza kuijaribu sasa hivi.

Fikiria tunda chachu. Mtu anapasua embe bichi mbele yako, analimwagia chumvi na pilipili. Mate yamejaa? Haya, kilichoona ni jicho. Kinachotoa mate ni mdomo. Jicho halijawahi kuonja uchachu, ulimi haujawahi kuona embe. Nani basi aliyeunganisha? Lazima awepo mmoja aliyeonja zamani, anayeona sasa na anayetamani. Kumbukumbu, wanasema, haiwezi kuhamishwa kati ya watu wawili: wewe hukumbuki nilichokula mimi. Kwa hiyo kama wewe wa leo unakumbuka alichokula wewe wa juzi, basi ni mmoja.

Vasubandhu, mwanazuoni wa Kibudha wa karne ya 4 au ya 5, alilijibu hili katika sura ya mwisho ya kitabu chake kikuu, Abhidharmakosha. Kwa nini Devadatta hakumbuki aliyoyaona Yajnadatta? (Hayo ni majina waliyotumia kwenye mifano, kama sisi tunavyosema Juma na Asha.) Si kwa sababu kila mmoja ana mwenyewe wake ndani. Ni kwa sababu matukio ya fahamu ya mmoja hayazai matukio ya mwingine. Mbegu huzaa mche, mche huzaa maua, maua huzaa tunda, na hakuna anayesema kuna mtu amejificha humo anayebeba utunda. Mkondo unatosha. Nyaya nao wakarudi: mkondo wako huo, ni nini kinachoufanya uwe mmoja? Wakaendelea hivyo kwa karne nyingi, mpaka vyuo vikubwa vya Kibudha kama Nalanda vilipoanguka kati ya karne ya 12 na ya 13, na upande mmoja wa meza ukabaki mtupu.

Tusiwasahau Charvaka, wayakinifu wa India ya kale, ambao tunawajua zaidi kupitia wapinzani wao. Kwao fahamu ni zao la mwili. Ukitafuna nafaka hulewi, ukila chachu hulewi, ukinywa maji hulewi. Vichanganye, viache vichache, kisha kunywa. Ulevi haukuwa umejificha popote. Umetokana na mchanganyiko, na fahamu nayo ni hivyo.

Tabia ilipogeuzwa cheo

Hadi hapa unaweza kusema haya ni mabishano matamu ya watu walioshiba. Sivyo.

Katika Bhagavad Gita, sura ya 4, Krishna anasema matabaka manne ya jamii yameumbwa kwa kufuata guna na kazi. Shankara, mwanafalsafa mkubwa wa karne ya 8, alipoufafanua mstari huo alipanga hivi: kwa Wabrahmana satwa ndiyo inayotawala, kwa Washatria, wapiganaji na watawala, ni rajasi ikisaidiwa na satwa, kwa Wavaishya, wakulima na wafanyabiashara, ni rajasi ikisaidiwa na tamasi, na kwa Washudra inatawala tamasi, kazi yao kuwatumikia wengine. Umeona kilichotokea? Nyuzi zilizokuwa zikipanda na kushuka ndani ya kila mtu kila saa sasa zimegandishwa, zikawa jina la kundi. Na kundi, katika maisha halisi, mtu alilipata kwa kuzaliwa. Chini ya wote hao kulikuwa na walioachwa nje ya manne, walioitwa wasioguswa.

Mmoja wao alizaliwa mwaka 1891: Bhimrao Ambedkar. Shuleni aliketi juu ya gunia lake mwenyewe, asikanyage mkeka wa wenzake. Akiwa na kiu hakuruhusiwa kugusa bomba. Mtumishi wa shule asipokuwepo wa kumfungulia, alikaa na kiu. Mtoto huyo alikuja kupata shahada za udaktari New York na London na kuongoza kamati iliyoandaa rasimu ya katiba ya India.

Mwaka 1936 alialikwa kutoa hotuba Lahore na kundi la wanamageuzi wa Kihindu. Walipoisoma mapema waliogopa, mkutano ukafutwa, naye akaichapisha kwa gharama zake. Inaitwa Annihilation of Caste. Ndani yake anakutana na waliosema kwamba matabaka manne si mabaya mradi yafuate sifa za mtu badala ya kuzaliwa. Ambedkar anakataa hata hilo. Hoja yake, kwa ufupi: sifa za mwanadamu ni nyingi na zinabadilika mno kiasi kwamba huwezi kuwafungia watu katika mafungu machache. Anasema hilo ndilo lililokuwa kosa la Plato pia, aliyegawa raia katika aina tatu.

Miaka 20 baadaye, tarehe 14 Oktoba 1956 mjini Nagpur, Ambedkar aliingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Katika kitabu chake kilichotoka baada ya kifo chake, The Buddha and His Dhamma, anasisitiza kwamba Buddha aliikana roho ya kudumu inayohama kutoka mwili hadi mwili. Sababu zake za kuhama zilikuwa nyingi, usawa ukiwa mbele. Ila ona jinsi fundisho hilo lilivyokuwa na uzito kwake: kama hakuna kitu kisichobadilika ndani yako, hakuna mtu anayeweza kusema umezaliwa mchafu ukabeba uchafu kutoka maisha yaliyopita.

Tuwe wakweli hata hivyo. Kukana nafsi peke yake hakuzuii ubaguzi. Sri Lanka ina Wabudha wengi na ina matabaka. Na Sankhya yenyewe, ukiifuata hadi mwisho, haikubali ubaguzi kirahisi, maana purusha hana tabaka. Lililoleta madhara ni hatua tatu ndogo zinazopigwa haraka: hivi ndivyo unavyoonekana, basi hivi ndivyo ulivyo, basi hapa ndipo mahali pako.

Na sayansi ya leo?

Mwaka uleule wa 1936, Marekani, wanasaikolojia Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakakusanya maneno 17,953 yanayoeleza watu na tabia zao. Kazi iliyoendelea kutoka hapo ndiyo iliyokuja kuzaa sifa kuu tano za haiba zinazotumiwa na watafiti leo. Kwa sifa hizo tano mtu hapewi kapu. Anapimwa yuko wapi kwenye mizani, juu kidogo au chini kidogo, na kila mtu ana zote tano. Ukiifikiria, hiyo iko karibu na kibatari cha Sankhya kuliko zile aina 16. Mwaka 1968 Walter Mischel alionyesha jinsi mwenendo wa mtu unavyobadilika kulingana na mazingira aliyomo, jambo lililotikisa waliokuwa wakiamini kwamba tabia ikishapimwa inatosha kutabiri atakachofanya. Na kwenye falsafa, David Hume alikuwa ameshaandika mwaka 1739 kwamba akijichungulia ndani anakuta fungu la hisia tu, hamwoni mwenyewe. Nagasena angemkaribisha chai.

Ila swali la mwenye nyumba, sayansi haijalifunga. Tunajua mengi kuhusu sehemu za ubongo na namna zinavyoshirikiana, kama Nagasena alivyojua ekseli na magurudumu. Jinsi ushirikiano huo unavyozaa hisia kwamba kuna mmoja hapa anayesoma sentensi hii bado kunabishaniwa, na ukisikiliza vizuri utasikia wazee wa Nyaya, Wabudha na Charvaka wamekaa kwenye viti vipya.

Mimi sijaamua niko upande gani. Nikiwa na msiba najikuta mtu wa Sankhya, natamani awepo mtazamaji ambaye huzuni haimgusi. Nikikumbuka niliyokuwa kidato cha pili naelekea kwa Nagasena: maziwa yale yameshakuwa mtindi, ya nini kuyafuata. Lakini kuna jambo ambalo Indra, Ishvarakrishna, Buddha na Ambedkar, pamoja na tofauti zao zote, wangemwambia mwalimu wangu. Uzito aliouona ulikuwepo. Sibishi, ilikuwa saa nane mchana na sikuwa nimekula. Kosa lilikuwa kuugeuza kuwa dawati.

Kwa hiyo lile dodoso jaza tu, linafurahisha. Ukipata jibu, kabla hujalibandika kwenye wasifu wako, fanya alivyofanya Indra: tembea nalo kidogo, halafu jiulize kama hilo likiondoka, wewe nawe utakuwa umeondoka. Na wewe msomaji, ukipiga hodi huko ndani, unasikia nani anaitikia?